Nilikwenda Florence kujifunza uso, nikarudi na milima

Nimemaliza kozi ya siku 10 ya kuchora picha ya mtu kwa rangi za mafuta, kwa mtindo wa Italia ya karne ya 15. Jina la karakana nalihifadhi, maana malalamiko ninayo.

Siku ya pili tulipelekwa Uffizi, jumba la sanaa la hapo Florence, kutazama picha mbili za Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, na mkewe Battista Sforza, kazi ya mchoraji Piero della Francesca. Kila ubao ni sentimita 47 kwa 33 tu! Federico kachorwa ubavu wa kushoto kwa kuwa jicho la kulia lilipotea kwenye mashindano ya mikuki. Pua yake huwezi kuikwepa, lakini mwalimu alitaka tutazame nyuma yake: bonde liko chini sana, na kadiri vilima vinavyokwenda mbali ndivyo vinavyopauka na kuingia ubuluu. Tuliporudi tukaanza kwa mbali, nyeupe yenye buluu kidogo, tukasogea karibu na kahawia na kijani. Mchana ule mmoja ulinilipia nusu ya ada.

Uso sasa. Kanuni yao ni kutanguliza rangi ya udongo wa kijani, kisha waridi juu yake, kijani kiipoze. Kwa Mtaliano, sawa. Mimi nilikuwa namchora marehemu mama, mweusi wa kung'aa, na kwa kijani kile akatoka kijivu kama mtu wa wodini. Mwalimu, muungwana kweli, jibu hakuwa nalo. Nikakwangua, nikaanza upya na kahawia nzito, na pale paji linapong'aa nikagusia buluu, kwa sababu ngozi nyeusi hurudisha rangi ya anga. Mama akarudi.

Lililoniudhi ni muda. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hugandishwa na hewa, na tabaka moja hutaka siku kadhaa. Siku ya 9 tukaambiwa tupitishe tabaka jembamba la mwisho, brashi ikang'oa shavu zima. Tangazo lilisema utaondoka na picha iliyokamilika. Yangu ilisafiri mbichi ndani ya boksi, nikaimalizia nyumbani wiki 3 baadaye.

Nyota 3. Ya nne nitaiongeza siku wakibadilisha lile tangazo.