Gari nyumba kuukuu mlimani: injini naisifu, waliolikodisha siwasamehe

Nilikodi gari nyumba la zamani kuvuka nalo milima, na hasira niliyorudi nayo haijaisha mpaka leo. Habari za vitanda na jiko mtazikuta kwenye tangazo lao. Mimi nazungumzia breki, na yule kijana aliyepokea simu yangu.

Kwanza gari nilitendee haki. Kupanda, lilipanda. Ni dizeli ya zamani isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na injini ya aina hiyo huishiwa pumzi kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Kila mita 1,000 unazopanda, takribani asilimia 10 ya nguvu zake zinapotea. Tulikwenda kwa gia ya pili, malori yakitupita, mshale wa joto ukinyanyuka. Nikafungulia hita mpaka mwisho na kushusha vioo, kwa kuwa hita huchota joto kwenye maji ya injini, na mshale ukatulia. Tulifika kileleni tukiwa tumelowa jasho, lakini rejeta haikuchemka. Gari la umri ule, lenye uzito wa karibu tani 3.5, nalivulia kofia.

Balaa likaja kwenye kushuka. Nilishuka kwa gia ile ile niliyopandia, injini ikishikilia uzito, breki naikanyaga sawasawa kabla ya kona kisha naiachia ipoe. Baada ya kona kadhaa pedali ikaanza kulainika. Kona iliyofuata ikazama kabisa. Mguu ulikwenda mpaka sakafuni na gari likaendelea na safari yake. Kama hujawahi kukanyaga breki ukakuta hakuna kitu, nakuombea usije ukaijua hali hiyo. Nikapampu pedali, nikarudisha gia ya kwanza injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, maana hiyo huvutwa kwa waya, haitegemei mafuta ya breki. Tukasimama pembeni, upande wa mlima. Mwenzangu alishuka, akakaa chini, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Nikaipigia kampuni. Kijana akanisikiliza nusu, akauliza, "Kaka, hivi umeshawahi kuendesha mlimani kweli?" Nikamweleza nilivyoshuka. "Wateja wengi wanakalia breki njia nzima, halafu lawama kwetu. Subiri zipoe, kisha kanyaga tena." Nikasubiri, nikakanyaga, na pedali ikawa imerudi juu, ngumu, kama vile hakuna kilichotokea. Nikamwambia ukweli huo. Akacheka. "Si umeona? Breki nzima hizo. Shuka taratibu."

Alicheka, na sisi tuko ukingoni mwa bonde.

Kilichomchekesha ndicho hasa kilichopaswa kumtisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu wako unaminya mapovu na pedi za breki, zile zinazobana ili gurudumu lisimame, hazisukumwi. Yakipoa, mapovu yanatoweka, pedali inapanda, na mtu aliyekaa ofisini anakuambia breki nzima. Ingekuwa ni pedi zilizozidiwa na joto, pedali ingebaki ngumu huku gari likikataa kusimama. Yangu ilizama. Hizo ni dalili mbili tofauti, na anayekodisha magari mazito ya kuvuka milima hana ruhusa ya kutozijua.

Niligoma kushuka. Fundi tuliyemtafuta wenyewe alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akanyamaza, akaniita nitazame. Yalikuwa meusi kama kahawa iliyolala. Akayatoa yote, akatia mapya, akatoa hewa kwenye mirija ya breki, gurudumu moja baada ya jingine. Tukashuka sehemu iliyobaki, tena ndiyo kali zaidi, pedali ikiwa imara mpaka chini. Dereva yule yule, gia ile ile.

Nilikuwa tayari kuwapa nyota mbili kwa ajili ya ile injini, na pengine kusema kwamba kijana mmoja asiwaharibie jina wote. Lakini siku ya kurudisha gari nikamwonyesha msimamizi wao picha ya yale mafuta, naye akanijibu bila hata kukunja uso, "Sisi yakipungua tunaongeza." Kuongeza! Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua tone. Na yakipungua, mara nyingi ni pedi zimelika au kuna mahali panavuja, kwa hiyo wanaongeza na kufunika dalili ya ubovu mwingine. Basi si kijana peke yake. Nyota zote mbili nimezifuta.

Gari lenyewe ningelichukua tena hata kesho, lakini kwa mwenye gari mwingine. Kwa hawa, hapana, hata bure. Juzi nimeona bado wanatangaza mengine ya aina hiyo hiyo, yenye umri huo huo, kwa watu wanaoelekea milimani. Kama tayari umeshachukua moja, lipitishe kwa fundi apime mafuta ya breki kabla hujaanza kupanda, na risiti ya fundi wapelekee wao.