The Originals: mwenye suti ndo kanikera kuliko muuaji mwenyewe (uzoefu wangu)

Nimeimaliza The Originals yote, ile tamthilia ya vampaya (wanyonya damu), sizoni 5, episodi 92, kwa hiyo naongea nikiwa nimeshiba. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu ishia hapa hapa, maana mi nataja nani kafa na kafaje.

Kwanza niseme nilivyoipata. Kuna jamaa hapa Tabora mjini anajaza muvi kwenye flashi, simtaji maana bado namhitaji, akaniwekea zote ila sizoni ya tatu kanipa ile iliyotafsiriwa bila kuniambia. Sina ugomvi na muvi za kutafsiriwa, za kupigana zinanoga sana, ila hii ni ya maneno, watu wanakaa mezani wanaongea kwa upole huku kila mmoja anampangia mwenzie kifo, sasa mtafsiri anapita juu ya hayo yote na sauti ya mtangazaji wa mpira, mara anasalimia washkaji zake wa gereji wakati mtu analia pale. Nilirudi nikabadilishiwa. Ombeni yenye maandishi chini, hata ya Kiingereza, utaambulia zaidi.

Stori kwa kifupi. Ilitokea ubavuni mwa tamthilia nyingine, The Vampire Diaries, mwaka 2013, ikaisha 2018. Familia ya Mikaelson, vampaya wa kwanza kabisa duniani, wanarudi New Orleans mji waliokuwa wanautawala zamani. Mama yao Esther alikuwa mchawi, miaka kama elfu iliyopita kitinda mimba wake Henrik aliuawa na wale watu wanaogeuka mbwamwitu, mama akaona isiwe tabu, akawageuza wanae waliobaki wawe hawafi. Klaus ndo mkorofi wao, nusu vampaya nusu mbwamwitu, maana mama alichepuka huko huko kwa mbwamwitu. Ndugu wakimuudhi anawachoma kisu cha kuwalaza anawafungia kwenye majeneza, anasafiri nao hivyo hivyo miaka na miaka. Halafu yupo Elijah kaka mtu, suti kila saa, lugha laini, akishamng'oa mtu moyo anafuta vidole kwa leso kimoja kimoja.

Na hapo ndo penye hoja yangu. Mitandaoni wadada wengi wanampenda Elijah, eti mstaarabu, eti mtu wa ahadi. Mi nilikuwa naangalia na mama mdogo, yeye Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, anabangua karanga tu macho kwenye tivii, sizoni ya kwanza haijafika mbali akasema, "Huyu mwenye suti ndo mchawi wa hii nyumba, huyo mwingine ana hasira tu." Nikamwambia subiri mama, huyu ndo mzuri. Akacheka.

Kuna kiapo wanakiimba toka mwanzo mpaka mwisho. Mama alipouawa, Klaus, Elijah na dada yao Rebekah waliapa kaburini hawataachana milele. Sasa muuaji wa mama alikuwa Klaus mwenyewe! Kawaambia wenzie kafanya baba, wakaamini, wakashikana mikono pale. Yaani kiapo chote kinachowatesa miaka elfu kimesimama juu ya uongo, na hata ukweli ulipokuja kujulikana bado Elijah anakishikilia vile vile. Mi Mnyamwezi, habari za kuchanjiana nimezikuta kwa wazee. Mtemi wetu Mirambo alichanjiana damu na Stanley, yule mzungu mpelelezi, mwaka 1876, na yule Stanley miaka mitano nyuma alikuwa kaenda kumpiga Mirambo akiwa upande wa Waarabu wa hapa hapa Tabora. Ila wale walikuwa wanajuana vizuri, kila mtu anajua mwenzie alimfanyia nini, ndo wakala kiapo. Hawa wa New Orleans mmoja tu ndo alijua wanaapia nini.

Episodi niliyoirudia ni ya sizoni ya kwanza, wanafungiwa makaburini watatu, mchawi kaweka uchawi hawatoki mpaka mwezi uchomoze. Klaus kashajua kwamba mwaka 1919 Rebekah na Marcel, kijana aliyelelewa na Klaus, ndo waliomuita Mikael, baba yao kina Rebekah, ambaye anawawinda kuwaua, na baba alipokuja akachoma moto mji wakakimbia wote. Klaus ana kile kigingi cha mti pekee unaowaua, anamtafuta dada yake katikati ya makaburi. Elijah kasimama katikati. Anamtetea dada, ndio, ila angalia vizuri, muda wote anachotaka ni wapatane warudi nyumbani, hamuulizi Rebekah hata mara moja kama anataka kurudi. Rebekah anasema wazi, nilitaka kuwa huru, nilimpenda mtu na wewe Klaus kila ninayempenda unamuua. Na anayemwambia nenda zako mwishoni ni Klaus, yule yule katili. Alivyoondoka na gari peke yake mama mdogo aliacha karanga akapiga makofi. Halafu mwisho wa sizoni Klaus anapata mtoto na maadui wanamtaka huyo mtoto, unajua anamkabidhi nani akamlee mafichoni? Rebekah, msaliti wake.

Marcel ndo anayeniumiza zaidi. Mtoto wa gavana kwa mama mtumwa, anachapwa mijeledi, hana hata jina, Klaus anamkuta anamrushia msimamizi tunda, anampenda, anampa jina na kumlea kama mwanae. Kwa hiyo huyu kijana ni ndugu kabisa lakini kiapo hakimhusu kwa vile hakuzaliwa mle. Sizoni ya tatu Freya, dada yao mkubwa, anachota nguvu za Davina, binti ambaye Marcel alimuokoa asichinjwe kwenye kafara akamlea, mizimu ya wachawi inararua roho ya yule binti asirudi tena, na Elijah yuko upande wa Freya. Marcel analia. Baadae Elijah anaona Marcel amepata nafasi ya kuwa na nguvu kuliko wao, hajawagusa bado, wako darajani wanaongea na Klaus anajitahidi kumtuliza kijana wake, Elijah huyo, kamng'oa Marcel moyo. Kwa ajili ya familia! Kumbe hakufa moja kwa moja, Marcel akaamka na zile nguvu akiwa adui wa kweli, na Klaus akaishia kufungiwa miaka mitano na kisu kifuani. Damu nzito kuliko maji sawa, ila hapa waliomwagwa wote ni wale maji.

Ndo maana nasema imeandikwa vizuri, kwa sababu wenyewe wanajua. Kuna sehemu wanatuonyesha mlango mwekundu ndani ya akili ya Elijah, mabaya yake yote anayafungia huko nyuma kisha anarekebisha tai anatoka. Nyumba ngapi kuna baba mkubwa wa hivyo, kila mdogo wake akiharibu anaenda na maneno mazuri na bahasha, mambo yanaisha, na binti aliyeharibiwa maisha anaambiwa asiaibishe ukoo.

Kasoro zipo. Sizoni ya pili wafu wanarudi mpaka unachoka, mtu umemlilia wiki hii wiki ijayo huyo kavaa mwili mwingine. Wachawi nao kila episodi wana kafara mpya. Sizoni ya nne na ya tano ni episodi 13 tu kila moja, ya nne imekaza vizuri, ya tano inakimbia. Hapo Elijah kafutwa kumbukumbu kwa ombi lake mwenyewe, yuko Ufaransa anapiga piano na mpenzi mpya, halafu anamzuia Klaus asimuokoe Hayley, mama wa yule mtoto, anaungua juani wakati Elijah ndo alikuwa anampenda kupita maelezo. Nilikasirika, ila baadae nikaona ndo kitu pekee alichokifanya bila kisingizio cha familia, na kimetoka kibaya vile vile.

Mwisho Klaus na Elijah wanakufa wote wawili, wanakivunja kigingi kipande kipande kila mmoja anamchoma mwenzie, na Elijah halazimishwi, ni yeye kachagua. Watu wanasema ni mwisho mtamu. Mama mdogo kasema Elijah angebaki amlee yule mtoto, maana ndo yeye kasababisha mama yake afe. Naipa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa sababu ya sizoni ya pili.