Jamovi na R: nilivyokimbilia programu za bure baada ya "mtaalamu" kuniharibia sura ya nne

Data zangu za utafiti wa wajawazito nilimpa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa takwimu, mwenye steshenari jirani na chuo. Anatumia ile programu ya kulipia, iliyokrakiwa bila shaka, na wanafunzi hawakatiki mlangoni kwake. Akaniletea majedwali yaliyonyooka, nikayaweka sura ya nne ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu alisoma mstari wa kwanza tu: wastani wa umri miaka 35, umri mkubwa kuliko wote 99. "Mjamzito wa miaka 99 umemwona wewe?"

Kwenye hojaji, asiyetaja umri aliandikiwa 99. Maelezo hayo yalikuwa kwenye karatasi niliyomkabidhi yule bwana mkononi, naye akazijumlisha 99 zote kama umri wa watu! Nilipomfuata anionyeshe hatua alizopitia, hata macho hakuinua kwenye simu yake. "Dada, unataka majibu au unataka kufundishwa? Data ni zako, mimi nimerun tu." Hatua zenyewe hazikuwepo. Alibofyabofya, akakopi majedwali, akafunga bila kuhifadhi chochote. Na hela alishachukua yote.

Ndipo nikapakua jamovi, programu ya bure ya takwimu ya kubofya. Unaiambia kwenye safu ya umri kwamba 99 ni jibu lililokosekana, na majedwali yanajirekebisha palepale ukiyatazama. Wastani ukashuka hadi 27. Ukihifadhi, faili moja linabeba data, uchambuzi na matokeo, kwa hiyo msimamizi akilifungua anaona kila nilichochagua. Kwa kweli nilifurahi mno, na kwa anayeanza nilikuwa tayari kusema achukue jamovi, R, ile ya kuandika amri mwenyewe, aiache kwanza.

Sasa sisemi hivyo tena. Jamovi yenyewe imejengwa juu ya R, na ukiwasha sintaksi inakuonyesha amri zake. Nilipofika kwenye modeli ya ngazi mbili, akina mama ndani ya kliniki zao, nilihamia R na lme4, kifurushi chake cha modeli za aina hiyo. Inachosha, sikatai. Upakuaji ukizidi sekunde 60 R huukata usipoibadilishia muda huo, na kwa intaneti ya hosteli hayo ni mateso; anza na options(timeout = 600) kabla hujaunguza bando. Lakini kwenye skripti yangu, faili lenye amri zangu zote, upo mstari mmoja unaogeuza 99 kuwa NA, yaani jibu lililokosekana, na yeyote anayetilia shaka wastani wangu atausoma. Hicho ndicho nilichonyimwa pale steshenari. Kwa hiyo jifunzeni R, hata kama ni polepole, hata kama jamovi inawatosha leo.

Yule jamaa nilimpelekea jedwali jipya. Akasema 27 na 35 hazipishani sana. Hazipishani! Miaka 35 ndiyo kliniki zinaanza kumhesabu mjamzito kuwa kwenye hatari zaidi kwa sababu ya umri, na utafiti wangu wote unahusu hatari hizo.