Lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe, Mji Mkongwe: uzoefu wangu na chokaa ya pipa

Nilichonunua ni chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa tanuuni kisha ikatiwa maji, na kuvundikwa, laini kama samli iliyoganda, inayouzwa kwa pipa la lita 200 ikiwa imefunikwa na maji. Imetumika kwenye vyumba viwili vya chini vya nyumba ya mawe ya matumbawe, Zanzibar, baada ya kubandua lipu ya saruji. Masika mawili yamepita na ukuta haujatoka ukurutu. Naisifu, lakini haimfai mwenye haraka.

Kwanza, kwa nini saruji iondoke. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe, chokaa na udongo mwekundu, na chini hakuna kizuizi cha maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini na hutokea usoni mwa ukuta. Ukiuziba kwa saruji, hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na lipu huachia vipande vipande. Madhara makubwa zaidi huyaoni: vichwa vya boriti vilivyozama ukutani hubaki vimelowa, huoza, na sakafu ya juu hupoteza mhimili. Anayepiga saruji ili kuimarisha ukuta anaiumiza dari yake.

Kipimo cha ununuzi ni umri. Chokaa ya lipu inataka angalau miezi mitatu ndani ya maji tangu izimwe. Pipa moja nililouziwa lilikuwa changa. Wiki chache baada ya kupigwa, lipu ilitoka vishimo, kila kimoja na chembe nyeupe katikati. Hizo ni punje ambazo hazikuzimika. Hunyonya unyevu, huvimba na kurusha lipu. Tangu hapo kila ndoo inapita kwenye chekecheke la milimita 2, hata muuzaji aape vipi. Chokaa ya unga ya mfuko ni dhaifu zaidi, hasa ikikaa sana dukani, kwa sababu hewa huanza kuigandisha humo humo mfukoni. Mimi naiachia kazi ya kupaka tu.

Hesabu: ukuta wa mita za mraba 40, lipu ya milimita 25, ni mita moja ya ujazo. Kwa ndoo 1 ya chokaa na ndoo 3 za mchanga, utahitaji takriban mita moja ya ujazo ya mchanga na lita 330 za chokaa, maana chokaa hujaza nafasi zilizo kati ya punje na haiongezi ujazo. Ukuta wa zamani una mashimo, kwa hiyo agiza mapipa mawili kamili. Mchanga uwe mkali, yaani wenye punje za kona kona, kubwa na ndogo zikiwa zimechanganyika. Wa pwani usiuguse, una chumvi.

Saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha, kwani mawe haya ni laini. Chimbua viungo vilivyolegea kina cha sentimita 2 hivi, sugua chumvi kwa brashi kavu, kisha uache ukuta upumue. Hilo ni suala la miezi.

Siku ya kupiga, lowesha ukuta tangu jana yake. Chokaa ikikutana na jiwe kavu hunyang'anywa maji na kubaki unga. Tabaka la kwanza lirushwe kwa mwiko, lisizidi sentimita moja na nusu, likwaruzwe, lisubiri wiki moja au mbili. Hapa ndipo mafundi waliozoea saruji hukosea: wanataka kumaliza matabaka yote kwa siku moja. Chokaa hugandishwa na hewa, kutoka nje kwenda ndani, na tabaka nene hubaki bichi katikati. Ikipasuka nyufa nyembamba, ibanwe tena kwa kibao cha mbao wakati kidole gumba kinaacha alama bila kuzama. Usimalizie kwa mwiko wa chuma. Huvuta chokaa juu na kuziba vinyweleo. Kwenye jua, ning'iniza magunia yaliyolowa kwa siku nne au tano.

Vaa miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na dawa ya kwanza ni maji safi mengi, kisha hospitali.

Kuhusu mazingira, chokaa hurudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni, lakini tanuu la kienyeji linakula magogo mengi. Muulize muuzaji anachoma kwa kuni gani, na ukiambiwa mikoko, tafuta mwingine.

Rangi ya plastiki itarudisha tatizo lile lile la saruji. Zimua chokaa hiyo hiyo iwe nyepesi kama maziwa, paka mikono minne au mitano, kila mmoja baada ya siku. Itachafua nguo kidogo ukiegemea. Kabla ya yote chukua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Chokaa inayobaki ifunike kwa maji vidole vinne na ufunge pipa. Mwakani itakuwa nzuri kuliko leo.