Nilinunua jike nikasahau dume: rivyuu ya vichaka na maua yangu ya vuli hapa Minnesota, Marekani

Jamani naandika hii kwa wale mlioko huku kwenye baridi, mmepata nyumba yenye kauwanja kadogo na kila ikifika Oktoba mnaitolea macho bustani ya jirani, maana mwenzenu hasara nimeshakula ya kutosha. Na nikisema vuli sio ile vuli yetu ya mvua, huku vuli ni majani yanabadilika rangi halafu yanapukutika mpaka miti inabaki fimbo tupu, na unachotaka ni kitu cha kutazama dirishani kabla theluji haijakufungia ndani miezi mitano.

Mi nimekulia Tanga, na mti niliokuwa naujua kwa kubadilika rangi ni mkungu tu. Wa uani kwetu ulikuwa unageuza yale majani yake mapana yanakuwa mekundu, mengine damu ya mzee kabisa, unafagia asubuhi mchana yameanguka tena, na sisi watoto shida yetu ilikuwa kungu za kupasua kwa jiwe, nani alikuwa na habari na rangi. Ndo nafika huku nakuta watu wazima wanaendesha gari masaa mawili kwenda kuangalia majani. Nilicheka sana. Mwaka wa tatu nami nikawa kwenye foleni hiyohiyo na thamosi yangu ya chai.

Haya, mimea. Mingi nimenunua kwenye kitalu kimoja cha huku kwetu, jina naliacha, na mmoja nilinunua mtandaoni, huo ntaufikia.

Naanza na wintaberi (winterberry), kichaka cha vitunda vyekundu, kwa sababu ndo iliyonitesa na ndo ninayoipenda kuliko yote. Niliikuta Oktoba 2021, wameipanga mlangoni makusudi, kwenye ndoo ya galoni 3, majani yameshaanza umanjano na vitunda vyekundu vimebanana kwenye vijiti kama pilipili kichaa zilizoiva, dola 45. Kibandiko kinasema Red Sprite, aina fupi, haivuki sana mita moja na kitu, inavumilia baridi ya huku bila tatizo. Nikamuuliza kijana wa pale, hii inahitaji nini cha ziada? Akasema maji tu, mpe maji ya kutosha haina shida. Maji tu! Nikabeba kwenye buti huku najiona mjanja.

Mwaka uliofuata ikatoa majani safi, Juni ikatoa vimaua vyeupe vidogo mpaka uvisogelee ndo uvione, nikafurahi. Julai kimya, Agosti kimya, Septemba nachungulia kila nikitoka kazini hakuna kitu, Oktoba majani yakageuka manjano yakadondoka nikabaki na fagio limesimama uani. Baba watoto akawa anaulizia fagio letu la dola 45 linaendeleaje.

Sasa jirani yangu ni bibi mmoja wa Kizungu, bustani yake ndo iliyonitia wazimu toka mwanzo, akaja na miwani yake akazunguka kile kijiti mara mbili akaniuliza, dume lake liko wapi? Nikajua bibi ananitania. Kumbe wintaberi iko kama mpapai, kuna mti dume na mti jike, na jike bila dume karibu halizai. Mimi, mtu wa Tanga, mpapai dume nimeukata kwa panga na mikono yangu kwa sababu hauzai, halafu naenda kuuziwa ujinga na kijiti! Vile vitunda nilivyoviona dukani jike lilibeba hukohuko shambani lilikokuzwa, kwenye madume ya watu, mi nimeuziwa mjamzito mume kabaki kwao.

Nikarudi kitaluni vuli hiyohiyo ya 2022, nikasema naomba dume la wintaberi, wakanipa moja linaitwa Southern Gentleman, nikalipa nikalipanda pembeni yake kabisa kama maharusi. Juni 2023 jike likachanua, dume bado limejikunja. Nasubiri. Dume linakuja kufungua jike limeshamaliza lipo kwenye mambo mengine. Mwaka mzima vitunda 11, nilivihesabu. Ndo nikajua kwamba hata madume yana ratiba zao, huyo Southern Gentleman anachanua kwa kuchelewa, anaendana na majike ya kuchelewa kama Winter Red, wakati Red Sprite ni wa mapema na anayemfaa ni Jim Dandy. Hii ni habari ya mstari mmoja tu wa kibandiko, wangeiandika ningeokoa miaka miwili. Niliporudi kulalamika nikaambiwa waranti ni ya mmea uliokufa, na wa kwangu haujafa. Kweli, ulikuwa mzima wa afya, hauna kazi tu.

Jim Dandy dola 38, nikampanda vuli ya 2023. Dume lenyewe halina sura, ni kichaka cha kijani basi, kwahiyo nimeliweka nyuma ya mapipa ya taka, nyuki wanafika hukohuko. Wanasema lisizidi kama mita 15 hivi toka kwa jike, na moja linatosha majike matano bila wasiwasi. Na mkitaka kuhakikisha wenyewe jinsia msisubiri muuzaji, Juni chungulieni ua, la jike lina kidonge cha kijani katikati kama kichwa cha kiberiti, hicho ndo kitunda kichanga, la dume katikati hakuna kidonge cha maana, ni vijiti vya unga wa njano tu vimesimama.

Vuli ya 2024 mambo yakajibu. Vitunda vilijaa mpaka matawi yakainama, na uzuri wake hauko Oktoba bana, uko Novemba majani yakishaanguka yote, unabaki wekundu mtupu kwenye vijiti vyeusi, halafu theluji ya kwanza inakaa juu yake. Nilimwonyesha mama kwa video, akaangalia weee akaniuliza, mwanangu hizo pilipili mbona hamzichumi zitaharibika na barafu? Nikamwambia mama haziliwi. Na kweli msizile, vile vitunda kwa binadamu ni sumu, vinaharisha na kutapisha, wenye watoto wadogo wa kuokotaokota liangalieni hilo. Ndege ndo chakula chao, ila hawana haraka, wanaviacha kwanza baridi ivigandishe na kuviyeyusha mpaka vilainike. Mwezi wa pili asubuhi moja nikasikia kelele nje, kundi la robini na wale wengine wenye kofia ya manyoya na kinyago cheusi machoni, nimeweka maji ya chai jikoni na kurudi dirishani nusu ya kichaka imeshakwisha, saa sita mchana hakuna hata kimoja. Roho iliniuma kidogo lakini ile sinema peke yake ni thamani ya dola 45.

Matunzo: inapenda unyevu, yangu iko pale bomba la maji ya paa linapomwagia. Ardhi isiwe ya chokaa, majani yatakuwa manjano kiangazi na hiyo sio vuli, ni ugonjwa. Na msimu wa baridi zungushieni wavu wa kuku chini, sungura wa huku wakikosa majani wanakula magome, dume langu lilichunwa upande mmoja likabaki kama muwa. Mmea nyota 5. Maelezo ya muuzaji nyota 1, na hiyo ni kwa sababu hakuna sifuri.

Aronia, kichaka kingine, nilinunua mbili kwa pamoja, dola 32 kila moja, na hapa nilijifunza kitu bila kupanga. Moja niliipanda mbele kwenye jua la siku nzima, nyingine nyuma ya gereji kwenye kivuli. Duka moja, siku moja, aina moja. Ikifika katikati ya Oktoba ya mbele inawaka nyekundu mpaka watu wanaotembeza mbwa wanasimama kuuliza, ya nyuma inakuwa kama chungwa lililokosa ukweli, manjano na kijani vimechanganyika. Sababu nimeelewa baadae: rangi ya manjano ilikuwemo kwenye jani siku zote ila imefunikwa na ule ukijani, siku zikiwa fupi ukijani unakufa manjano inajitokeza, lakini wekundu mmea unautengeneza upya wakati huohuo, na unautengenezea kwenye sukari ya jani, na sukari inataka jua. Ndo maana vuli yenye mchana wa jua kali na usiku wa baridi isiyogandisha inakuwa na rangi kuliko vuli ya mawingu. Kwahiyo ukilipia wekundu halafu ukauficha kivulini usimlaumu muuzaji, hapo na mimi nimekosa la kusema.

Vitunda vya aronia ni vyeusi na hivi vinaliwa, hakihitaji dume wala nini, kichaka kimoja kinajizalia. Ila utamu usiutegemee. Umewahi kula bibo ambalo halijaiva vizuri, ule ukakasi unaokaza ulimi mpaka unashindwa kuongea? Basi ndo huo. Nilipika jemu kwa sukari nyingi na limao ikatoka rangi ya zambarau iliyokolea, nzuri na mkate, wanangu wanaila bila kuuliza. Nyota 4, moja naipunguza kwa sababu inachipua vitoto pembeni kila mwaka na ukizembea kinakuwa pori.

Wengi mtaniuliza kuhusu kile kichaka cha moto (burning bush), kile kinachokuwa chekundu cha kuumiza macho mbele ya maofisi na makanisa. Nilikitaka hicho kabla ya vyote. Hapa Minnesota toka 2023 hakiuzwi tena, kimeingizwa kwenye magugu yaliyozuiwa kwa sababu ndege wanakula mbegu zake wanaenda kuzimwaga msituni kinaota kinaziba mimea ya asili, na majimbo kadhaa ya mashariki kama Massachusetts yalishakizuia zamani. Bibi jirani anacho cha miaka mingi. Mi aronia ya mbele inanitosha, nikisimama mbali siioni tofauti, nikisogea naiona lakini nanyamaza.

Sedamu ya Autumn Joy. Dola 13! Hii ndo ya mtu asiye na hela wala muda. Majani manene ya maji kama mshubiri mdogo, Agosti inatoa vichwa bapa kama koliflawa ya waridi, nyuki wanajazana mpaka unaogopa kupita, Septemba waridi linaiva linakuwa jekundu la matofali, Oktoba linakuwa rangi ya kutu, na ukiacha usiikate inasimama na rangi ya kahawia mpaka theluji iivalishe kofia. Ni ya Wajerumani, kwao jina ni Herbstfreude, maana yake ileile ya furaha ya vuli. Makosa yangu ni moja tu, niliipa mbolea. Mwaka ule ikanenepa ikaanguka katikati ikalala kama imepigwa, haitaki kubembelezwa, ipe jua na udongo wa kawaida iache. Toka ile ya dola 13 nimeshaigawa mara mbili kwa sepetu, sa hivi nina sita na mbili nimempa dada wa kanisani. Nyota 5.

Asta ya zambarau, Purple Dome, nayo nzuri, fupi kama sentimita 45, inachanua kipindi maua mengine yamekata tamaa na vipepeo wanaosafiri kwenda Mexico wanapitia kujaza mafuta. Majani ya chini yananyauka na kuingia ukungu mweupe, panda kitu mbele yake pafichike. Nyota 4 tumalizane.

Ule wa mtandaoni sasa. Biutiberi (beautyberry), kichaka cha vitunda vya zambarau vinavyong'aa kama shanga, picha ile ukiiona usiku saa tano na kadi iko karibu huponi. Dola 29 na usafiri 18, kikaja kijiti cha urefu wa penseli kwenye karatasi yenye maji. Baridi ya kwanza tu kikafa mpaka kwenye mizizi, hakikurudi. Nilipoangalia upya tangazo, kwa maandishi ya sisimizi chini kabisa wameandika ni cha kanda ya 5 kwenda juu (kanda ni namba za ukali wa baridi ya eneo, namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi), na pale kwangu ni 4 inayokaribia 5. Ukiwa Kentucky au kusini ya Ohio ntakuonea wivu, nunua. Ukiwa huku soma namba ya kanda kabla ya kusoma bei.

Ushauri wangu kwa wanaoanza, kabla hujatoa hela nenda Oktoba pale Arboretum, bustani ya miti na mimea ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iko Chaska, vichaka vingi vya namna hii vimepandwa vikubwa na vina vibao vya majina, unaona mmea ukishakomaa unakuwaje na rangi yake halisi sio ya picha, unapiga picha kibao unaenda nacho dukani. Na dukani nenda mwezi huohuo wa kumi, rangi unaiona kwa macho na bei nyingi zinashushwa maana hawataki kubaki nayo majira ya baridi, aronia hizo za 32 nimeziona kwa 16. Ila uwahi kupanda mizizi ishike kabla ardhi haijaganda.

Kile kitalu chenyewe nakipa nyota 3. Mimea yao ina afya, hakuna hata mmoja ulioniletea wadudu, na mama wa kwenye kaunta alinibebea ndoo mpaka kwenye gari mvua inanyesha. Nilipita tena wiki mbili zilizopita, wintaberi zimepangwa mlangoni kama kawaida, zimejaa vitunda, kibandiko hakisemi kama ni jike. Kuna kaka mmoja alikuwa ameshaweka mbili kwenye toroli, nikamshika mkono nikampeleka kona ya nyuma zilipo Jim Dandy.