Tuisheni ya mekanika na takwimu pale Kondele, Kisumu, maoni yangu baada ya miezi miwili

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina kibanda Kibuye, mageti, madirisha na kenchi za chuma, yaani zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, hiyo ndio kazi yangu mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana niliingia diploma ya jioni juu nilichoka kuambiwa kwa sait "fundi wewe fuata mchoro tu". Masomo ya woksho hayanisumbui, lakini mekanika, zile hesabu za nguvu na mizigo, ilinishika koo, na takwimu ndio usiseme.

Kwanza nilijaribu mtandao. Kuna hizi huduma za kutatuliwa asainmenti, unatuma picha ya swali jioni, unalipa, asubuhi unapata jibu. Ile niliyotumia ilinikata kama elfu moja mia tano kwa maswali matano, na majibu yalikuja masafi, yamepigwa chapa, nikanakili yote nikapata 18 kwa 20. Wiki tatu baadaye ikaja mtihani, swali ni lile lile la boriti, wamesogeza tu mzigo kutoka katikati ukakaa kando, na mimi nikaangalia ile karatasi dakika arobaini sijui hata nianzie wapi. Niliumia sana siku hiyo. Alama si kitu, iliniuma juu pesa ya kazi nzima ya dirisha ilienda na kichwani hakukuingia kitu.

Mwenzangu wa darasani ndio akanipeleka kwa huyu mwalimu. Yuko Kondele, gorofa ya kwanza, chini kuna duka la simiti na mabati, ngazi ziko nyuma. Jina na namba siweki hapa juu sijamuomba ruhusa. Anachaji shilingi 300 kwa saa, mkienda watatu kila mtu anatoa 150, na anapendelea mwende kikundi.

Siku ya kwanza nilitoa lile swali la boriti hata hakulisoma. Aliniambia, "Fundi, chora kwanza." Nikachora boriti na ukuta huku na huku. Akasema hapana, toa ukuta wote, bakisha boriti peke yake hewani, sasa niambie ukuta ulikuwa unafanya kazi gani, na hiyo kazi uiweke kama mshale. Hapo tukakaa karibu nusu saa, mshale tu, nami nilianza kuwaza pesa yangu inaenda bure. Halafu akaweka namba: boriti mita 6, mzigo kilonyutoni 12 (kilonyutoni ni kipimo cha nguvu), umekaa mita 2 kutoka kushoto. Kabla sijashika kalkuleta akaniuliza, "Mkibeba chuma wawili na mzigo uko karibu na wewe, nani anaumia?" Mimi, bila shaka. Basi kushoto lazima kubebe zaidi, sasa hesabu tuone. Unashika upande wa kushoto kama bawaba, 12 mara 2 ni 24, gawa kwa 6, kulia ni 4, kushoto inabaki 8. Miaka yote nimebeba vyuma na sikujua kumbe bega langu lilikuwa linapiga hiyo hesabu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kenchi. Alichora ile ya kawaida kabisa, upana mita 4, kimo mita 1.5, mzigo kilonyutoni 10 pale kileleni. Kila upande unabeba 5. Nusu ya upana ni 2, kimo 1.5, kwa hivyo kile chuma cha mteremko, kutoka ukutani hadi kileleni, kinatoka mita 2.5 kamili, na hiyo ni 3-4-5 ile ile mafundi wa ujenzi wanapimia kona ya msingi na kamba! Ukienda jointi kwa jointi unapata kile cha mteremko kinasukumwa kwa 8.33 na kile cha chini kinavutwa kwa 6.67. Sasa mimi huwa naweka nguzo ya katikati pia, kutoka kileleni hadi chini, nikamwomba tutafute nguvu yake. Ikatoka sifuri. Nikabishana naye, nikamwambia mwalimu haiwezekani, mimi nimechomelea hizo nguzo mamia na wateja wamelipa. Hakukasirika. Akaniambia angalia jointi ya chini, vyuma viwili vinavutana kulia na kushoto, hakuna kitu kinavuta chini, hiyo nguzo ibebe nini? Ila usiitoe, akasema, juu siku mwenye nyumba atafunga siling mzigo utaning'inia pale chini, na pia inazuia kile chuma kirefu cha chini kisilegee katikati. Nilirudi Kibuye na boda usiku nikiangalia paa za watu njia nzima.

Takwimu naye anafundisha hivyo hivyo, kwa kitu unachokijua. Alitupa kyubu sita za konkriti, zile za milimita 150 zinazovunjwa siku ya 28, nguvu zake 24, 26, 27, 25, 28 na 26 kwa nyutoni kila milimita mraba. Wastani ni 26, hiyo kila mtu anapata. Shida yangu siku zote ilikuwa kwa nini kwenye standadi divieshoni, kile kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani, unagawa kwa 5 na kyubu ni sita. Akafunika namba ya mwisho na kidole akasema, nimekwambia wastani ni 26 na hizi tano unaziona, nitajie ya sita. Nikaitaja. Basi hiyo haikuwa huru, akasema, zilizo huru ni tano. Imekwisha hapo, sijawahi kusahau tena. Inatoka 1.41, unaigawa kwa mzizi wa 6, na ukizidisha na ile 2.571 ya jedwali la t, jedwali la sampuli ndogo, wastani wa kweli unaukadiria kati ya 24.5 na 27.5 kwa uhakika wa asilimia 95. Alitueleza pia hilo jedwali limetokana na kazi ya William Gosset, alikuwa kwa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akaitoa mwaka 1908 kwa jina la Student, juu pale kazini sampuli zilikuwa chache kama zetu.

Sasa mabaya, yapo. Kelele ya mabati yakishushwa chini huwezi kusikia mtu, na mvua ya Kisumu ya jioni ikipiga lile paa mnasubiri tu na saa inahesabika. Stima ikipotea mnatumia tochi za simu. Upande wa mwendo, kasi na mchapuko, anapita mbio kuliko nilivyotaka, ilibidi nimrudishe mara mbili. Na ukimpelekea asainmenti ya kesho asubuhi ati akumalizie, anakataa, hata umwongezee pesa. Kuna jamaa wa darasa letu alitoka pale amekasirika kabisa kwa hilo, mimi naona mwalimu yuko sawa.

Nampa nyota nne kwa tano. Jumamosi kunajaa kutoka saa nne asubuhi, afadhali Jumatano jioni, na ubebe rula na penseli, juu ukichora mshale wako na kalamu ukakosea anakuanzisha ukurasa mpya.