Klorini ya kununua bwawa likiota mwani: HTH kwanza, vidonge mwisho

Kiangazi kikifika katikati, wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani, hapa Mbeya na hata Iringa, hunilalamikia jambo lilelile: vidonge vya klorini vinaelea bwawani wakati wote, kipimo kinaonyesha klorini ipo, lakini maji ni ya kijani na kuta zinateleza. Wengi huamini wameuziwa dawa bandia. Mara nyingi dawa ni halisi kabisa, na tatizo ni kile kilichofungamana na klorini hiyo.

Kidonge kikubwa cha gramu 200, kiitwacho trikloro, kina nguvu ya klorini ya takribani asilimia 90, na hiyo ndiyo namba ambayo muuzaji hukuonyesha kwenye lebo. Hakuambii kwamba kidonge hichohicho huacha majini takribani gramu 110 za asidi ya sayanuriki. Asidi hii huikinga klorini isiharibiwe na jua, na miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinafaa. Lakini maji yakikauka, asidi yenyewe hubaki, na chujio haliikamati. Katika bwawa la lita 50,000, vidonge viwili kwa wiki huongeza zaidi ya miligramu 4 kwa lita. Huku kwetu mvua zikikatika Mei hazirudi mpaka Novemba, kwa hiyo hakuna maji ya kulifurisha bwawa na kuizimua, na usipobadilisha maji unaweza kuvuka 100 kabla ya Oktoba kwisha. Hapo klorini imeshikwa na asidi kiasi kwamba mwani huzaliana haraka kuliko unavyouawa.

Watunza mabwawa wengi hufuata kanuni kwamba ili kuua mwani, klorini huru, yaani ambayo bado haijatumika, ifikie takribani asilimia 40 ya asidi hiyo. Penye 30 unahitaji miligramu 12 kwa lita, na penye 100 unahitaji 40. Kwa HTH, klorini ya chembechembe, yenye nguvu ya asilimia 65, katika bwawa hilohilo, hiyo ni tofauti kati ya chini kidogo ya kilo moja na zaidi ya kilo tatu.

Ndiyo maana HTH ya chembechembe, yaani hipokloraiti ya kalsiamu, naipa nafasi ya kwanza, na sifichi kwamba naipendelea. Haina asidi ya sayanuriki, na hukaa muda mrefu ikiwa kavu ndani ya ndoo yake iliyofungwa. Hupandisha pH, kwa hiyo ishushe kwanza hadi 7.2, kwa kuwa ikifika 8 sehemu kubwa ya klorini inakuwa dhaifu. Tia maji kwenye ndoo kwanza, kisha klorini, kamwe usianze na klorini. Acha machicha meupe yatuame, mwaga maji ya juu bwawani jua likizama, sugua kuta na uache pampu ifanye kazi usiku kucha.

Nafasi ya pili ni klorini ya maji. Nayo haina asidi hiyo, lakini joto na mwanga huimaliza nguvu, na dumu lililopigwa jua juu ya lori tangu Dar es Salaam hadi limepanda mlima Kitonga halina thamani ya bei yake. Uliza lilitengenezwa lini. Jik ya asilimia 3.5 iache kwa ajili ya nguo.

Ya tatu ni daikloro ya unga, ambayo huyeyuka upesi lakini ina asidi ileile. Hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi: huifungua ndoo, hupima unga kwenye mifuko ya nailoni isiyo na lebo, na kila kilicho cheupe wanakiita klorini. Hilo ni hatari, si uzembe tu, kwa sababu HTH ikikutana na trikloro au daikloro, hata kwa mabaki yaliyo kwenye kijiko, inaweza kuwaka au kulipuka. Mfuko usio na jina la kemikali usiununue, hata ukipunguziwa bei.

Vidonge vinabaki mwisho, na kama tayari unavyo, vitumie wakati wa masika. Madukani vimepangwa mpaka darini, lakini ukiulizia kipimo cha asidi ya sayanuriki unapewa cha pH. Ikishazidi, njia ya uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine, tena katika miezi ambayo maji ya bomba ni ya mgawo.